MREJESHO: Kurekebisha kumbukumbu baada ya kupata uraia wa tajnisi

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Niliwauliza nianzie wapi kurekebisha kumbukumbu zangu serikalini, maana nimezaliwa Uganda, nimeolewa hapa Mwanza, na cheti cha uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, kilishatoka huku kila mahali bado nasomeka mgeni.

Mlioniambia nianze na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, mlisema kweli. Kitambulisho cha mgeni mkaazi si cha raia, na kwingine kote, benki, namba ya mlipakodi (TIN), laini ya simu, wanaanza kwa kukuuliza namba ya NIDA. Nilibeba cheti halisi na nakala zake, pamoja na barua ya kuukana uraia wa Uganda, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Kilichonitesa ni vidole. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Miaka ya kuchambua na kuanika imenisugua ncha za vidole, mashine ikakataa mara nne. Dada wa pale akanifuta kwa kitambaa chenye maji, akanishika kidole gumba, akakibonyeza taratibu. Kikasoma. Mungu ambariki.

Ofisi nyingine walikosea herufi moja ya jina langu. Niliiona kwa sababu nilisoma kabla ya kusaini, nikakaa palepale mpaka wakarekebisha. Someni herufi kwa herufi, msione haya.

Benki nimemaliza juzi, imebaki laini ya simu. Jioni yake mama mkwe alishika karatasi yenye taarifa zangu mpya, akasoma kwa sauti: “Uraia: Mtanzania.” Akarudia tena. Nililia.