Naomba ushauri: namna ya kufundisha tofauti ya "ago" na "before"

Ndugu zangu, ninafundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule moja wilayani Kongwa, na maneno haya mawili yananisumbua sana darasani.

Ninaelewa kwamba "ago" huhesabu nyuma kuanzia sasa, ilhali "before" huhesabu nyuma kuanzia tukio jingine lililokwisha kupita, na hapo kitenzi hutanguliwa na "had". Niliwapa wanafunzi mfano wa hapa kwetu: Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, na uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulikuwa umefanywa miaka 23 kabla ya hapo, yaani mwaka 1973. Karibu darasa zima liliandika "23 years ago". Siwalaumu, kwa kuwa Kiswahili chetu huridhika na "iliyopita" mahali pengi, na nadhani kosa linaanzia hapo.

Nimewachorea mstari wa wakati ubaoni. Siku hiyo wanaelewa, lakini kwenye insha wanarudi palepale. Je, walimu mliofanikiwa mlianza na tafsiri au na kitenzi? Naombeni pia mazoezi yanayolifaa darasa lenye vitabu vichache.