Naomba ushauri: niulizeje kipato cha kaya bila watu kudhani naandikisha TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini)?

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu, nasoma sosholojia hapa Dodoma. Utafiti wangu unahusu pengo la maisha kati ya Chang'ombe na Iyumbu, maeneo mawili ya hapa jijini, tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016. Vibali vyote ninavyo, na wenyeviti wa mitaa wamenipokea vizuri.

Kinachonikwamisha ni dodoso. Nikitokea tu na karatasi, Chang'ombe wanaamini naandikisha kaya za TASAF. Mama mmoja muuza karanga aliniambia hana kipato chochote, kisha akaingia ndani akatoka na kitambulisho cha taifa ili nimwandike. Nikamweleza tena kwamba mimi ni mwanafunzi tu, sina cha kugawa. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, haya maswali yanatusaidia nini sisi?" Ana haki kabisa ya kuuliza, na jibu la maana sikuwa nalo. Iyumbu ni kinyume: ukivuka geti, hakuna anayetaja mshahara wake.

Nafikiria kuachana na shilingi, niulize mambo yanayoonekana: maji ni ya bomba ndani au ya kununua kwa dumu, wanapikia mkaa au gesi, mtoto akiugua wanatumia bima au wanalipa taslimu. Je, hayo yanatosha kupima hali ya kaya, au msimamizi atayakataa? Na waliowahi kuhoji wazee wa kabila la Wagogo, niende na mjumbe wa mtaa, au akiwepo watu watafunga midomo?