Mjadala: Je, kanuni ya bao la ugenini irudishwe katika nusu fainali za Ulaya?

Ndugu wapenzi wa soka, kila zinapokaribia nusu fainali za Ligi ya Mabingwa Ulaya hoja ileile huibuka vijiweni, kwamba UEFA, Shirikisho la Soka la Ulaya, ilikosea kuifuta kanuni ya bao la ugenini, na kwamba ingefaa irudishwe angalau katika hatua hii ya timu nne. Kwa ambaye ameisahau, kanuni hiyo ilisema kuwa timu mbili zikilingana kwa jumla ya mabao baada ya mechi ya kwanza na ya marudiano, ile iliyofunga mengi zaidi ugenini ndiyo inayosonga mbele. Ilifutwa Juni 24, 2021, na kuanzia msimu wa 2021/22 timu zikilingana huongezewa dakika 30, kisha matuta, yaani mikwaju ya penalti. Msimamo wangu ni kwamba isirudishwe. Nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona wengi wanaoitetea wanakumbuka usiku mmoja au miwili ya raha na kusahau miaka mingi ya woga.

Nianze na usiku wa Mei 4, 2022, Real Madrid walipowakaribisha Manchester City katika dimba la Santiago Bernabéu. City walikuwa wameshinda 4-3 kwao, na Riyad Mahrez akaongeza jingine dakika ya 73. Katika kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, tulimokuwa tumebanana, ilipofika dakika ya 89 mwenye kibanda alishaanza kupanga mabenchi ya nyuma ukutani, na baadhi ya waliokuwa upande wa Madrid walishatoka nje. Rodrygo akafunga dakika ya 90. Kabla hatujakaa sawa akafunga tena, safari hii kwa kichwa. Mzee mmoja fundi cherehani, ambaye hajawahi kukosa nusu fainali pale kibandani, akasimama juu ya benchi na kunyoosha vidole vitatu, akipaza sauti: "Tumepita! Tuna matatu ya ugenini!" Hesabu yake haikuwa na kosa, kwani jumla ilikuwa 5-5, Madrid wakiwa na mabao matatu waliyofunga Manchester na City wakiwa na moja tu walilofunga Madrid. Kijana aliyekuwa kando yake akamshika mkono kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo mzee wangu, ile kanuni waliifuta mwaka jana. Bado mpira unachezwa." Mzee akashuka taratibu, akaketi, akavua kofia na kuishika mapajani mpaka Karim Benzema alipofunga penalti dakika ya 95. Mechi iliisha kwa jumla ya 6-5, nasi tukarudi majumbani baada ya saa sita na nusu usiku.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu kinaonyesha wazi kilichobadilika. Kwa kanuni ya zamani City wangetolewa katika dakika za majeruhi huku wakiwa wamefunga mabao matano sawasawa na wenzao, na kosa lao pekee lingekuwa kuyafunga manne kati ya hayo mbele ya mashabiki wao. Kwa kanuni ya sasa walipewa nusu saa ya kujitetea uwanjani. Walishindwa, lakini walishindwa kwa bao walilofungwa, na hakuna aliyehitaji karatasi na kalamu ili kujua nani ameshinda.

Ni haki kukiri kwamba kanuni hiyo haikutungwa bure. Ilianza mwaka 1965 katika Kombe la Washindi, wakati ambapo safari za Ulaya zilikuwa ndefu na za kuchosha, viwanja vilitofautiana sana, na timu zilizolingana zililazimika kurudiana katika uwanja wa tatu. Machi mwaka huohuo, katika robo fainali ya Kombe la Ulaya, Liverpool na Köln walitoka sare mara tatu, mara ya tatu ikiwa Rotterdam, na Liverpool wakapita kwa kurusha shilingi. Mbele ya aibu kama hiyo, kuhesabu mabao ya ugenini kulikuwa nafuu. Lakini mazingira yale hayapo tena. UEFA yenyewe, ilipokuwa ikiifuta kanuni, ilieleza kuwa tangu katikati ya miaka ya 1970 ushindi wa nyumbani ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 47, na ule wa ugenini ukapanda kutoka asilimia 19 hadi 30. Dawa iliendelea kutolewa ilhali ugonjwa ulikuwa umepungua sana.

Na dawa yenyewe ilikuwa na madhara. Iliwekwa ili mgeni ashambulie, ikaishia kumtisha mwenyeji. Kocha aliyecheza nyumbani mechi ya kwanza ya nusu fainali aliiona sare tasa kuwa matokeo mazuri, kwa sababu kufungwa moja nyumbani kulimuumiza kuliko kufunga moja kulivyomsaidia. Tulilipa kiingilio, tukakesha, tukaangalia timu mbili kubwa zikipigiana pasi za pembeni kana kwamba langoni kuna nyoka.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Mei 6, 2009, Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea. Chelsea walikuwa wametoka 0-0 Barcelona. Michael Essien akafunga bao la mbali dakika ya 9, Barcelona wakabaki kumi baada ya Éric Abidal kutolewa kwa kadi nyekundu, na Andrés Iniesta akasawazisha dakika ya 93. Tuyaache kando maamuzi ya mwamuzi, ambayo yamejadiliwa mpaka yakachakaa. Ninachouliza ni hiki: katika dakika 180 Chelsea walifungwa bao moja na wao wakafunga bao moja. Haki ya kuwatoa hapo ilitoka wapi, tena wakati mpinzani alikuwa pungufu ya mchezaji na dakika 30 za nyongeza zingeamua nani bora?

Iko pia nusu fainali ya 2003 kati ya Milan na Inter. Timu hizi mbili zinatumia uwanja mmoja, San Siro. Mechi ya kwanza, Milan wakiandikwa wenyeji, iliisha 0-0. Ya pili, Inter wakiandikwa wenyeji, iliisha 1-1, Andriy Shevchenko akiifungia Milan na Obafemi Martins akisawazisha. Milan wakatinga fainali kwa bao la ugenini, katika uwanja ambao ni nyumbani kwao na ambao walikuwa wamecheza juma lililotangulia. Hakuna safari, hakuna hali ya hewa ngeni, hakuna nyasi tofauti. Bado bao la Shevchenko likahesabiwa kuwa zito kuliko la Martins.

Wanaoitetea kanuni wana hoja nzito mbili, nami siwezi kuzipita kimyakimya. Ya kwanza ni msisimko. Watasema: je, Mei 8, 2019, Amsterdam? Ajax walikuwa mbele kwa jumla ya 3-0 hadi mapumziko, Lucas Moura akaifungia Tottenham mabao matatu kipindi cha pili, la mwisho dakika ya 96, jumla ikawa 3-3 na Tottenham wakapita kwa mabao ya ugenini. Ni kweli, lile bao lilisimamisha mioyo ya watu kwa sababu lilimaliza kazi palepale. Hata usiku wa kabla yake pale Anfield, Liverpool walipowafunga Barcelona 4-0 baada ya kufungwa 3-0 kule, kila shambulio la Barcelona lilitisha, maana bao moja tu lingeleta 4-4 na kuwavusha. Nakubali kwamba mvutano wa namna hiyo umepungua. Hata hivyo siuoni kuwa sababu tosha ya kulifanya bao moja liwe na thamani ya mawili, hasa nikiwafikiria vijana wa Ajax waliolala chini wakilia ilhali jumla ya mabao ilikuwa sawa.

Hoja ya pili ni kwamba dakika 30 za nyongeza huchezwa nyumbani kwa mwenyeji wa marudiano, na huo ni upendeleo. Hii naiona ya maana zaidi. Lakini kanuni ya zamani haikuuondoa upendeleo huo; iliugeuzia upande wa pili, kwa kuwa mgeni alipata dakika 120 za kutafuta bao la ugenini wakati mwenzake alikuwa amepata 90 tu. Suluhisho la haki ni kwamba kumalizia nyumbani kuwe kitu ambacho timu imekitolea jasho. Msimu wa 2024/25 Arsenal walimaliza wa tatu katika hatua ya ligi na PSG wa 15, lakini nusu fainali iliishia Paris. Kuanzia msimu wa 2025/26 utaratibu umebadilishwa ili waliomaliza juu wamalizie nyumbani hadi nusu fainali, na huo ndio mwelekeo wa kuungwa mkono.

Tutazame pia Barcelona na Inter mwaka 2025. Mechi ya kwanza ilikwenda 3-3. Kwa kanuni ya zamani Inter wangerudi Milan wakijua kwamba sare ya 0-0, 1-1 au hata 2-2 inawatosha, na sidhani kama timu ya Italia ingeiacha nafasi hiyo ya kupaki basi, yaani kujaza watu langoni na kulinda tu. Badala yake walianza kwa kutafuta mabao, wakaongoza 2-0, wakapinduliwa 3-2, Francesco Acerbi, beki wa kati, akasawazisha dakika ya 93, na Davide Frattesi akamaliza katika muda wa nyongeza. Mabao 13 kwa mechi mbili.

Kwetu Afrika, katika mashindano ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, bado tunaiona kanuni hii ikifanya kazi. Mimi ni shabiki wa Simba na kwa kawaida siwalilii watani wangu, ila katika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger pale Benjamin Mkapa, bao lao akifunga Fiston Mayele, kisha wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria. Timu ilishinda katika uwanja wa mpinzani, mbele ya umati wa mpinzani, na haikupewa hata dakika moja ya ziada. Yule mzee fundi cherehani ni Mwananchi wa damu, yaani shabiki wa Yanga, na tangu siku ile sijamwona tena akinyoosha vidole vitatu.

Sasa nawaachia uwanja. Ninayemwomba anijibu kwanza ni yule anayetaka kanuni irudi kwenye nusu fainali, naye anieleze jambo moja: kama Milan na Inter watakutana tena San Siro katika mechi zote mbili, bao la ugenini litakuwa la nani?