Trela la kulala, hema au gesti? Tumerudi kutoka Farkwa hoi

Baba Wawili na Nusu:
Wakuu, habari za humu. Nimerudi juzi kutoka Farkwa, wilaya ya Chemba, na mpaka sasa natoa vumbi masikioni. Naomba ushauri kabla sijaharibu na likizo ya Juni ya watoto.

Jamaa yangu wa Dar aliniazima trela la kulala, la ekseli moja: vitanda, jiko la plati mbili, friji, tanki la maji lita 80. Mimi nina Prado. Watoto niliwaambia tunakwenda "kambi ya jangwani". Picha kichwani ilikuwa mbuyu, mchanga mweupe wa mto Bubu, nyota, na mimi nimekaa kwenye kiti cha kukunja nakunywa chai.

Dar mpaka Dodoma hakuna neno, ni lami, ila dizeli ilikuwa inanywewa kama togwa la msibani. Tulipoacha lami ndipo mambo yalipoanza. Barabara ni rasta tupu, vijituta mfululizo. Tulipofungua mlango wa trela tukakuta makabati yote wazi, unga umelala juu ya magodoro, mayai yameungana na sukari, na juu ya vyote hivyo vumbi jekundu la unene wa blanketi. Friji ilikuwa imegoma. Maji yaliisha kesho yake asubuhi (watu watano, na mmoja wao ni mama mkwe anayeoga mara mbili). Mchana lile bati lilikuwa tanuri, hakuna aliyekaa ndani. Usiku upepo ukalitikisa kama meli. Kuzuia vumbi nikaziba matundu yote ya chini kwa nailoni na soletepu.

Siku ya tatu mwiba wa mgunga ukatoboa tairi la trela. Spea ya Prado haiingii. Wakati tunajaribu kugeuza tukazama mchangani, tukatolewa na vijana wa kijijini kwa majembe na matawi. Tulipanga siku tano, tukarudi ya tatu. Michoro ya kale ya miambani kule Kolo, Kondoa, hatukuiona.

Sasa Juni nataka Kolo kwa nguvu zote. Nirudi na trela nikiwa nimejipanga, ninunue mahema, au tulale gesti Kondoa mjini?

Mwalimu Jografia:
Pole mkuu. Kwanza Dodoma si jangwa, ni nusu jangwa. Jangwa huhesabiwa kwa mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Dodoma inapata kama 570, ila zinakuja Desemba mpaka Aprili, halafu basi, miezi mingine unaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wenzio. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto, upepo na kisulisuli. Ulichagua wakati mbaya kuliko yote.

Baba Wawili na Nusu:
Nusu jangwa? Mimi nilikutana na ile nusu yenyewe, mwalimu.

Fundi Springi:
Bosi, nitakueleza bila kukupaka mafuta. Trela halina kosa. Matrela mengi ya namna hiyo yametengenezwa kwa lami na viwanja vyenye nyasi.

Friji. Zile za gesi hazina kompresa. Zinategemea kimiminika kushuka chenyewe ndani ya mabomba, kwa hiyo trela likiinama hata kidogo kimiminika kinakwama na ubaridi hakuna. Weka pima maji sakafuni, ingiza mbao chini ya gurudumu la upande ulioshuka, ndipo uwashe.

Vumbi. Trela likikimbia, hewa ya nyuma yake inalivutia vumbi ndani kupitia kila ufa. Wanaopita njia mbovu hufungua tundu juu mbele, lenye chujio, hewa iingie kwa nguvu ili ndani kuwe na msukumo wa kulitoa. Kuziba peke yake hakusaidii.

Mzigo. Asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela iegemee kwenye ndoano ya gari. Ukijaza madumu nyuma kabisa, trela linaanza kucheza mkia, na siku moja litakulaza mtaroni. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi yote, ya trela pia, watu huwa wanayasahau. Na spea ya trela ni lazima, pamoja na beringi na grisi.

Ukiniuliza kwa njia ya Farkwa, trela hapana. Vitu vizuri vya Dodoma na Kondoa viko nje ya lami, na trela linakufunga kwenye lami. Umebeba nyumba usiyoweza kuifikisha unakotaka kulala.

Mama Zabibu:
Mbukwenyi! Sisi tunalala hema kila mwaka, familia ya watu sita, mahema mawili. Gharama ni mara moja tu. Uzuri wa hema ni kwamba mchana unalivua mlango pande zote na upepo unapita. Ila mdogo wangu, usidanganyike na joto ulilolikuta. Juni na Julai usiku wa huku ni baridi ya kutafuna meno, chukua blanketi la mtu mzima kwa kila mtoto. Kabla ya kutandika fagia miiba kwa tawi, la sivyo godoro la upepo asubuhi ni kitambaa. Viatu vining'inizwe, nge wanapenda viatu.

Na kitu hujakisema: uliripoti kwa mtendaji wa kijiji? Ukiripoti, usiku sungusungu wanajua nyinyi ni wageni wa nani, na hata maji mtaonyeshwa. Kwenye Bubu watu wanachimba visima mchangani mtoni wakati wa kiangazi. Mlikuwa mmelala juu ya maji mnalia kiu.

Baba Wawili na Nusu:
Dada, hapo umenichoma. Sikuripoti.

Tairi Nne:
Hema la juu ya gari. Dakika tano limesimama, miiba na nge unaviacha chini. Kasoro: ukitaka kwenda dukani unakunja nyumba nzima, na mama mkwe kwenye ngazi usiku wa manane sijui.

Mjukuu wa Mrangi:
Lala gesti, msibishane. Kondoa mjini mpaka Kolo ni safari fupi ya lami. Pale Kolo unafika ofisini, unalipa, unapewa mwongozaji, mnapanda kilimani, mwisho kabisa ni kwa miguu. Michoro ile imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951 na sidhani kama alivuta kabati la vyombo nyuma ya gari.

Mama Zabibu:
Gesti huamki na ndege wa porini, unaamka na bodaboda.

Mjukuu wa Mrangi:
Na naoga maji ya moto, mama.

Mvuvi wa Perege:
Kama trela bado linapatikana, lipeleke bwawa la Mtera. Barabara ya Iringa ni lami, unaegesha karibu, perege wa kukaanga wapo. Lakini kaa mbali na ukingo wa maji, kuna viboko na mamba, na watoto wasitumwe kuchota.

Baba Wawili na Nusu:
Mama watoto kausoma uzi wote kitandani. Uamuzi wake: Kolo Juni, usiku mbili gesti kwa ajili ya mama yake, usiku mmoja hema kwa ajili yangu, na nikalale na watoto huko huko. Trela nimesharudisha.

Fundi Springi:
Ile nailoni uliyoziba chini umeitoa? Matundu yale yamewekwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni, na hapo ndipo pa kutokea. Mwenyewe akilala na jiko linavuja hatajua.

Baba Wawili na Nusu:
Aisee. Nampigia sasa hivi.