Watoto wa Mzee: Mirathi ya Mbagala

Dada: Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Leo nimepita nyumba ya Mbagala aliyoiacha marehemu Baba. Mpangaji wa chumba cha mbele kanionyesha daftari lake, kodi ya miezi 6 kashamlipa Baba Mdogo, na sahihi yake ipo. Hapa nyumbani haijafika hata senti.

Kaka: Nampigia hapokei. Ujumbe anasoma, kimya.

Shangazi: Marahaba wanangu. Ni mdogo wangu, lakini kwenye hili simtetei. Kikao cha ukoo kilimpendekeza asimamie mirathi, hakikumpa mali.

Shemeji: Kweli kabisa Shangazi. Msimamizi wa mirathi anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi. Barua yake ya usimamizi ilitoka Mahakama ya Mwanzo, na kanuni za 1971 zinampa miezi 4 apeleke Fomu Namba V, yaani orodha ya mali na madeni yote. Baadaye anatoa hesabu kwa Fomu Namba VI. Muda ukimbana, anaiomba mahakama imwongezee.

Kaka: Mwaka wa pili huu!

Mama: Sitaki ugomvi na baba yenu mdogo. Ila ada ya shule inadaiwa, na mwenye duka ameanza kuninunia.

Shemeji: Mama, wewe ni mjane na ni mrithi. Hakimu ndiye atakayemuuliza. Nendeni masjala ya mahakama na namba ya shauri, ombeni kuona jalada. Fomu V isipokuwemo, andikeni barua msimamizi aitwe ajieleze. Huo wito hawezi kuusoma akanyamaza. Akikaidi, ombeni uteuzi wake utenguliwe, ateuliwe mwingine.

Mimi: Na akiiuza nyumba kabla ya hapo?

Shemeji: Ingekuwa na hati mngeweka zuio kwa Msajili wa Hati.

Dada: Haina. Ni karatasi ya mauziano tu, ya serikali ya mtaa.

Shemeji: Basi kwenye hiyo hiyo barua ombeni mahakama izuie kuuzwa. Na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa kwa maandishi, abaki na nakala, maana wanunuzi huanzia kwake. Dada, lile daftari lipige picha kila ukurasa.

Dada: Nimeshapiga, nazituma.

Kaka: Namba ya shauri anayo nani?

Mama: Ipo kwenye bahasha ya kaki, kabatini. Ngoja nivae miwani.

Kaka: Jumatatu saa 2 asubuhi nipo masjala.

Shangazi: Nipitie, tunakwenda wote. Wifi, na wewe jiandae.