Je, mchezo wa kuigiza wa mtaani unahitaji maandishi?

Binti wa Katuba
Jambo kwenu nyote. Hapa Lubumbashi tunataka kufufua michezo ya Kiswahili ambayo wazee wetu waliicheza mitaani. Katika kikundi chetu wamo akina mama wawili wasiojua kusoma, kijana kiziwi ambaye ni fundi cherehani, na mzee anayetembea kwa magongo. Shirika lililoahidi kutusaidia linadai kwanza tuandike mchezo wote kwa Kifaransa. Nahofia kwamba tukigawa karatasi, hao wanne watageuka watazamaji katika kikundi chao wenyewe. Mnatushauri nini?

Mzee wa Kamalondo
Binti yangu, msianze na karatasi. Kundi la Mufwankolo, ambalo mji huu ulilifahamu kwa redio na televisheni, halikuwa likikariri maandishi. Mwaka 1986 lilijenga mchezo mzima juu ya msemo mmoja, kwamba madaraka huliwa mazima: waigizaji walijadiliana maana ya msemo huo, wakapatana juu ya mpangilio wa visa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwapo na kurekodi, na maandishi yakaja baadaye, yakitoka vinywani mwao. Fanyeni vivyo hivyo: chezeni, rekodini kwa simu, kisha mmoja wenu atafsiri. Na hao akina mama wapeni msemo waufungue, maana mara nyingi wao ndio wanaokumbuka ulitumika wapi na nani alikasirika.

Mwalimu wa viziwi
Nakubaliana na Mzee, lakini njia hiyo ina hatari yake. Mchezo usioandikwa hubadilika kila siku, na mabadiliko hupatanwa kwa mdomo, hivyo asiyesikia huachwa nyuma bila mtu yeyote kukusudia. Kila mnapobadilisha kisa, simameni mkirudie kwa ishara mbele yake kabla ya kuendelea. Mkalimani wa lugha ya ishara asisimamishwe pembeni, bali awe mhusika, kwa mfano jirani anayepeleka habari nyumba kwa nyumba. Chezeni mchana, watu wakiwa wameketi duara, kwa sababu umeme ukikatika usiku lugha ya ishara nayo huzimika. Naomba pia sana kwamba mzee wa magongo asipewe nafasi ya ombaomba. Awe chifu, aketi, na wengine wote wamfuate alipo.

Binti wa Katuba
Asanteni, Mzee na Mwalimu. Jumamosi tulijaribu. Kijana wetu ndiye aliyebuni kisa cha kwanza, cha mteja anayegombea kipimo cha nguo, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, kwa kuwa sote tulikuwa tunafuata mikono yake. Shirika tutalipelekea rekodi hiyo pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kifaransa.