Tupeane uzoefu: arobaini yako ilikuwaje?

Baba Kichanga (mwenye uzi): Wakuu, habari za jioni. Mtoto wetu leo katimiza siku 39. Mke wangu alitaka kutoka kidogo, dukani tu hapo mtaa wa pili. Mama mkwe kasimama mlangoni: "Bado moja." Nikanyamaza. Ila nikawaza, arobaini imetushika kila kona: mzazi arobaini, marehemu arobaini, hadi mwizi kawekewa zake. Leteni visa.

Mama Pacha, Tanga: Mimi nilikandwa na maji ya moto siku zote hizo, na bibi yangu mkono wake hauna huruma. Asubuhi uji wa pilipili manga, tumbo limekazwa khanga kama furushi la safari. Ilipotimia nikaogeshwa, nikafukizwa udi, watoto wakanyolewa. Aliyekuwa akihesabu kunizidi ni mume wangu. Wenyewe mnajua kwa nini.

Spana 14: Gereji kwetu kuna kijana alikuwa akinyonya mafuta kwenye magari ya wateja. Kanaswa na mpira mdomoni. Kila mtu: "Arobaini zake zimefika!" Arobaini gani? Jamaa kanyonya miaka miwili!

Mjukuu wa Mwisho: Ya babu tuliisoma siku ya 33. Kaka mkubwa likizo ilikuwa inaisha, anarudi Muscat, na ilibidi iangukie Jumamosi. Shangazi akasema marehemu hana kalenda. Pilau lililiwa, dua ikasomwa, lakini mimi siku ya 40 yenyewe nilikwenda kaburini peke yangu. Sikumwambia mtu.

Mkunga Mstaafu: Wazee msiwacheke. Kliniki nasi tunamhesabia mzazi wiki 6, yaani siku 42. Tumepishana mbili tu. Ugomvi wangu ni mmoja: damu ikizidi au homa ikipanda, mleteni siku hiyohiyo. Niliwahi kuletewa mama usiku wa manane, midomo imepauka, wenyewe wanasema walikuwa wanangoja arobaini iishe ndipo atoke. Alipona, lakini kwa tabu.

Mwalimu wa Hesabu: Naona hakuna anayehesabu sawasawa hapa. Hata Kwaresima, toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, mpaka utoe Jumapili ndiyo upate 40. Na Hadithi Arobaini za Imamu Nawawi, fungua uhesabu: zipo 42.

Spana 14: Mwalimu, kumbe yule kijana wetu alikuwa ndani ya muda!

Baba Kichanga: Nimemsomea mama mkwe yote haya, mpaka ya Kwaresima na ya kliniki. Kasikiliza vizuri, kacheka sana kwa yule wa mpira. Halafu kaenda kukaza komeo.

"Bado moja, baba."